Neno Nililokuchekea Ubaoni

Mama Hana,

Padri amenituma boma la Wadachi, Mpwapwa. Nitarudi Jumamosi. Mtama uliouanika uingize ndani kabla mbuzi wa jirani hawajaufikia. Mama yangu umpikie kitu laini, meno yanamuuma.

Nilikufuata kisimani, sikukuona. Asubuhi nilikuita ubaoni ulikate lile neno refu la Kiingereza, unthankfulness. Ukakata un-than-kful-ness. Nikacheka, na wenzako wote wakacheka kwa kuwa mwalimu kacheka. Ukaweka chaki chini, ukatoka. Tangu hapo sina uso wa kumtazama mtu.

Hukatwa hivi: un-thank-ful-ness. Un hukanusha, kama “si” yetu. Thank ndiyo kushukuru. Ful ni kujaa. Ness hulifanya jina la hali. Yaani utovu wa shukrani.

Nilikuwa nimeandika “kama hutaki darasa, basi”. Nimeyafuta kwa mstari. Rudi, tafadhali. Nitakuomba radhi mbele ya wale wale waliocheka.

Leo nilikunywa uji wako nikaondoka kimya, kama siku zote, kisha nikaenda kukucheka. Neno lile ni langu, si lako.

Asante kwa uji.

Baba Hana