Kitambaa cha Kijani Ulichofunga kwa Mikono Yako

Baba Mdogo,

Wengine wangeanza na "mpendwa". Mimi nimeliandika neno hilo mara mbili na kulifuta mara mbili, na karatasi hapa Kolwezi siku hizi si ya kuchezea, kwa hiyo tuendelee bila hilo. Barua yako kutoka Dilolo imefika. Dereva wa lori la chumvi alimkabidhi mama siku ya Jumatatu. Mwandiko wako bado mzuri. Unasema umesikia kwamba mdogo wangu Feza anaolewa Jumamosi ijayo, na kwa kuwa kaka yako, yaani baba yetu, amekwisha fariki, wewe ndiye utakayekaa kwenye kiti chake. Tena ni wewe utakayemfunika bibi harusi kitambaa kichwani kabla hajatoka mlangoni, kama ukoo wetu ulivyozoea. "Kwa mikono yangu mwenyewe," umeandika. Nilicheka, Baba Mdogo. Nilicheka mpaka mama akatoka jikoni na mwiko wake wa kusongea bukari, ugali wetu, kuja kuona nimepatwa na nini.

Hiyo mikono naijua. Nilianza kuijua zamani, kabla haijawa mikono ya bwana mkubwa. Ilinibeba kwenda kuangalia treni ya Dilolo ikiingia stesheni, mimi bega la kulia, Feza bega la kushoto, na ulitutajia vituo vyote mpaka mpakani kana kwamba reli uliitandika wewe. Ulikuwa kijana mwembamba usiye na kazi, unakula kwetu, unalala kwetu, na baba alikuwa anakushonea suruali kwa mshahara wake wa ukarani pale kampuni. Nilikupenda sana. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba nilikupenda kwa moyo mweupe, na wewe ulikuwa mtu wa bure kabisa.

Halafu chama kikakupa ukuu wa kikundi cha vijana wa kucheza, na mara moja ukawa na suti ya abakosi, ile isiyovaliwa tai, kofia na kifimbo. Animasyo, ndivyo sote tulivyoziita zile ngoma za kumsifu kiongozi wa nchi. Kila mchana baada ya masomo tulikuwa uwanjani pa shule ya sekondari, tumevaa vikwembe, vitenge vyenye picha yake, tunakata kiuno kwenye vumbi jekundu huku wewe ukipiga filimbi. Asiyekuja, jina lake lilipelekwa kwa mkuu wa shule, na mkuu wa shule alikuogopa wewe kuliko Mungu wake. Hivyo wazazi walituleta. Wengine walituleta wenyewe, kwa mkono, wakisema asante.

Wageni wakubwa walipokuja kutazama shaba yetu, ulichagua wasichana watano au sita na kuwafunga kitambaa cha kijani, fundo juu ya sikio la kushoto. Sisi wengine tulibaki vichwa wazi. Nilidhani ni zawadi. Nitakukumbusha jambo ambalo huenda umelisahau, kwa kuwa halikukugharimu kitu: nilikufuata nyuma ya darasa nikalia nipate na mimi. Ulinitazama toka miguuni mpaka kichwani, ukafanya "tss" kwa meno.

"Weye uko murefu sana. Baki nyuma, chunga bendera."

Nililia siku mbili. Feza alipofungwa kitambaa chake sikumsemesha kwa wiki nzima. Ngoma ilipokwisha, wenye vitambaa walipandishwa gari jeupe kwenda nyumba ya wageni kule juu, na sisi tulirudi nyumbani kwa miguu. Kesho yake asubuhi gari lilimwacha kwenye kona ya mtaa wetu. Aliingia, akaoga, akaomba maji mengine, akaoga tena. Mimi nilimwambia anamaliza maji ya nyumba kwa majivuno.

Mara ya tatu alikataa. Alisema mbele ya baba, mbele ya mama na mbele yako, umekaa kwenye kiti kizuri na glasi ya bia mkononi.

"Mi nakatala. Siendi tena. Kule hatuendaki kupika chai."

Ulitabasamu tu. Ukamwambia baba kwamba mtoto ameanza tabia za mjini, anatafuta sababu ya kuacha chama, na kwamba watu huko juu wakisikia, kiti cha ukarani kitapata mwingine. Baba yetu alikuwa mtu mwema na mwoga. Siku mbili baadaye Feza alipiga magoti kwenye mkeka mbele yako, akapiga makofi taratibu kama tunavyoomba radhi kwa mkubwa, na baba akakukabidhi kuku mzima, jogoo mweupe, kuondoa kosa. Mtoto aliomba radhi kwa kusema kweli, na wewe ulimpokea yule jogoo na kupima uzito wake kwa mkono. Naiona hata sasa namna ulivyompima. Na Feza akarudi kufungwa kitambaa.

Wiki hiyohiyo wakaja watu wa filamu: mzungu mmoja mwenye kamera begani na mwanamke wa Lubumbashi aliyeshika kipaza sauti. Uliambiwa wanatengeneza picha juu ya vijana wa mji wa shaba. Picha ya kweli, ya maisha ya watu, si ya mchezo wa kuigiza. Heh, ulivyovimba! Ulichinja jogoo wetu wa radhi ukawalisha hao wageni, huku ukiwasimulia alikotoka. Ulibadilisha suti mara mbili kwa siku. Ulimwelekeza yule mzungu asimame wapi ili kifimbo chako kionekane vizuri. Siku nne walikufuata, na siku nne hukuona haja ya kuficha kitu, kwa sababu kwako hapakuwa na kitu cha kuficha. Hapo ndipo ninapokudharau kupita kiasi. Mwizi mwenye akili huwa angalau na aibu ya kutazama nyuma.

Wakaondoka. Miaka ikapita, baba akafa akiamini bado kwamba Feza alikudhulumu. Siasa ikafunguliwa, watu wakaanza kusema barabarani yale waliyokuwa wakiyasema uvunguni, na wewe ukaivua ile suti ukaanza kuvaa shati la maua kama raia mwema. Hapo kaseti ya video ikamfikia padri wetu kutoka Ulaya. Akaita watu kwenye ukumbi wa parokia kutazama mji wao. Ulikuja, Baba Mdogo! Ulikuja mapema na ukakaa mstari wa mbele, umevaa viatu vipya, kwa sababu ulikuwa umewaambia watu wa sokoni kwamba ni filamu yako.

Nilikaa nyuma yako, Feza kando yangu. Nilitegemea kusikia sauti ya mtu akieleza kama redioni, haya ni mabaya, hawa ni wabaya. Haikuwepo. Ile filamu haikumtukana mtu. Iliturudishia tu vumbi letu, filimbi yako, jasho la wasichana. Halafu ikaonyesha mikono yako peke yake, mikubwa kwenye kioo, ikifunga fundo juu ya sikio la mtoto, na yule mtoto akikaza shingo. Sauti ya mwanamke wa Lubumbashi ikauliza, "Na kisha kucheza, banaendaka wapi?" Na sauti yako ikajibu, tamu, imeshiba jogoo:

"Banaendaka kupokea bageni. Aba ba bitambala ni batoto yangu. Mi njo nabachaguaka, mi njo nabafungaka na mikono yangu. Mutu mwingine hagusi."

Maneno yako yalikuwa bado yanasikika, na kwenye kioo vichwa vya kijani vilikuwa vinapanda gari jeupe, kimoja baada ya kingine. Gari likaondoka. Picha iliyofuata ni kona ya mtaa wetu asubuhi, mlango wa gari unafunguliwa, na Feza anashuka ameshika kitambaa mkononi. Sikujua kwamba kuna mtu alikuwa pale na kamera. Hakuna aliyekuwa amenionyesha uso wa mdogo wangu asubuhi ile. Nilikuwa ndani, nangojea kumgombeza tena kwa maji.

Na mimi nimo, usidhani najisafisha. Kabla ya ile asubuhi walikuwa wameniuliza maswali, na jibu langu liko kwenye kaseti milele: msichana mrefu ameshika bendera, anacheka na meno yote, anasema, "Siye tuko na furaha mingi. Tata Monga anatuchungaka muzuri." Tata Monga ndiwe wewe. Nyuma yangu, juu ya bega langu, Feza anapanda lile gari. Ukumbi mzima uliona. Niliinama, na Feza akaweka mkono wake juu ya goti langu. Yeye ndiye aliyenituliza mimi, Baba Mdogo. Sijawahi kujisikia mdogo namna ile na urefu wangu wote.

Usidhani namwabudu yule mzungu pia. Alikula kuku wetu akijua alivyopatikana, alibaki na ile picha, akaenda kupigiwa makofi kwao, na msichana aliyeshuka kwenye gari hakuulizwa kama anataka uso wake usafiri. Lakini kazi yake ilifanya kitu ambacho sisi wa damu moja hatukukifanya. Ilimwamini Feza. Mama alitoka ukumbini ameshika kichwa, akisema peke yake, "Jogoo yangu, jogoo yangu," na sote tulijua halii kuku.

Hakuna aliyekurushia jiwe. Hukupigwa, hukushtakiwa, na wale wageni wako wa gari jeupe wako salama mahali fulani wanakula. Watu waliacha tu kukusalimia. Wewe unajua kwetu salamu ni nini, mtu hawezi kununua hata nyanya bila kuuliza habari ya nyumba, ya watoto, ya usingizi. Ulipita sokoni ukisema "jambo, mama" na muuzaji hakuinua macho kutoka kwenye sombe yake, majani ya muhogo aliyokuwa akiyatwanga. Ulivumilia siku tisa. Ya kumi ukapanda treni kwenda Dilolo, na safari hii hukuwa na mtoto yeyote begani wa kutajiwa vituo.

Sasa unataka kurudi, ukae kwenye kiti cha baba na umfunge Feza kitambaa. Mama, kwa woga wake wa siku zote, alisema labda tukuruhusu ukae tu, usiguse, ili watu wa upande wa bwana harusi wasiulize maswali. Nilikuwa tayari kupiga kelele. Feza alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua.

"Bamaulizo yabo nilishajibu. Bwana yangu ile filamu aliiona, alikuwa mustari wa tatu. Njo pale alinipendea."

Kwa hiyo, Jumamosi Feza atatoka mlangoni kichwa wazi, nywele zimesukwa vizuri, na mimi nitatembea kando yake bila bendera. Kiti cha baba kitakaa kitupu, na ninakuomba ukiheshimu kwa kubaki huko uliko.

Nilipomwuliza kama ana neno la kukutumia, aliingia chumbani akatoka na kile kitambaa cha kijani. Kumbe alikitunza miaka yote hii, kimekunjwa chini ya Biblia. Nimekitia humu ndani ya bahasha. Maneno yake ni haya, sikuongeza wala kupunguza:

"Mwambie akifunge kwa kichwa yake mwenyewe. Mikono iko nayo."

Kaa huko.

Binti mrefu wa kaka yako