Dawa ya Maram na Watu wa Shingo

Magomeni,
Bagamoyo.
Jumapili, 17 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Khairat,

Assalaam alaykum. Marahaba kwanza, maana najua shikamoo yako iko njiani hata kama hujaitamka. Hujambo wewe? Shihab na watoto hawajambo? Na goti lako lile? Usiniambie "naendelea vizuri" kama ulivyozoea. Niambie unapanda ngazi au hupandi. Sisi huku wazima, alhamdulillah. Shemeji yako Humoud yuko dukani anabishana na wateja kama kawaida yake, afya tele.

Utashangaa kupata barua zama hizi za simu. Mwenzangu, simu yako mnaisikiliza nyumba nzima hapo Maskati, nami haya nataka uyapate peke yako, umekaa. Ni habari za Maram, mke wa Ghaith wangu. Ni njema, usishtuke.

Unakumbuka alivyotolewa rovu kabla ya kuolewa. Tangu hapo anaishi kwa kidonge kimoja kila siku, kwa kuwa ile tezi ya shingoni haipo tena. Unajua pia mimba ya kwanza ilivyotoka. Basi mwaka huu, Ramadhani inakaribia, akashika nyingine. Tukafurahi kwa kunong'ona. Daktari akampima damu, akasema mimba inataka dawa zaidi, akamwongezea. Aliporudi katikati ya mfungo, kipimo kibaya kuliko cha mwanzo. Daktari akatuambia wazi kwamba hali ikiendelea hivi, mimba iko hatarini. Khairat, kila sala nikawa namwombea Maram peke yake.

Watu nao hawakukosa la kusema. Wengine ati Maram anatupa dawa. Wengine ati kaonwa na jicho. Mie nikasema ni dawa, ni feki! Unanijua nikipanda. Nikatia paketi mkobani, mguu kwa mguu mpaka duka la dawa, nikamwaga maneno mbele ya watu. Muuzaji maskini ananionyesha tarehe kwenye boksi, mie simsikii hata.

Kwenye benchi alikuwapo mama mmoja wa Kaole, mkulima wa mihogo, anaitwa Ashatu. Akaningoja nivute pumzi, kisha akauliza, "Dada, mkweo anameza na nini?"

Swali gani hilo! Nikamjibu kwa majivuno kwamba anameza na maziwa, tena mazito, mwanangu anayapasha kwa mkono wake. Na kweli. Zamani Maram alikuwa anameza kwa maji alfajiri, anakaa weee mpaka wakati wa chai. Ramadhani ilipoingia, yeye hakufunga, daktari alimkataza, lakini daku hakubali kulikosa. Basi Ghaith akawa anaamka kabla yetu sote, anamletea mkewe glasi ya maziwa ya moto, tende, kidonge cha tezi na vile vidonge vya kuongeza damu vya kliniki, vyote kwa mpigo mmoja, asije akasahau hata kimoja. Mapenzi hayo, jamani! Nilikuwa nikimsifu mpaka kwa majirani.

Ashatu hakucheka. Akalegeza ushungi akanionyesha kovu shingoni mwake, sawasawa na la Maram. Akaniambia yeye aliharibikiwa hivyo hivyo kwa uji wa daku, akavimba uso, akachoka mpaka jembe likamshinda. Akasema kidonge kile hakipendi kuchanganyikana, maziwa na vidonge vya damu vinakizuia kisiingie mwilini. Halafu akanishika mkono. "Lakini mimi si daktari, dada. Mrudisheni kwake, mkamwambie kila anachomezea."

Tukaenda asubuhi yake. Daktari aliposikia maziwa aliweka kalamu chini. Yeye alikuwa amemwuliza Maram kama anameza kila siku, na Maram alijibu ndiyo, na ni kweli tupu. La daku hakuna aliyelitaja, nani angedhani daku ni habari ya kumpelekea daktari? Akampanga upya: kidonge peke yake kwa maji, tumbo likiwa tupu, angoje ndipo ale, na vya damu avimeze wakati mwingine mbali kabisa. Ghaith njia nzima ya kurudi akawa anajilaumu kwa maziwa yale. Nilimwonea huruma mwanangu. Kipimo kikaanza kurudi taratibu, na cha baada yake kikakaa mahali pake. Nililia kliniki pale pale, bila haya.

Sasa nikueleze Ashatu ni nani, maana nimemvulia kofia, kama ningekuwa na kofia. Wapo wagonjwa wenzake, kuanzia hapa mjini hadi Msata, wanajiita Watu wa Shingo. Aliyewakusanya ni Bi Dija, mwalimu mstaafu wa Kiwangwa, naye katolewa tezi. Anasoma utafiti wa wataalamu, wa Kiingereza kigumu, anauandika kwa Kiswahili cha mtu kuelewa. Haurushi hivi hivi. Kwanza daktari ausome, arekebishe. Ndipo Ashatu anaurekodi kwa ile sauti yake isiyo na haraka, unatumwa kwenye simu za wagonjwa. Hawauzi kitu, hawambadilishii mtu dawa. Siku hizi kuna kila mzizi na kila mafuta kwenye simu, na hawa wanangoja daktari aseme sawa! Mie hilo limenishinda kusifu.

Na wao wenyewe wanatafiti, ujue. Bi Dija aliwaomba wagonjwa walioridhia waseme wanamezaje dawa mwezi wa mfungo. Loo! Huyu na kahawa, huyu na uji, huyu ameacha kabisa akidhani mpaka Idi hapana neno. Daktari wetu alipopewa majibu hayo, sasa kila mgonjwa wa tezi anamwuliza habari za daku. Wametoa maradhi yao yawafae watu wasiowajua. Nani anafanya hivyo siku hizi?

Maram kajifungua mwezi uliopita, salama. Msichana, Shamsia. Wakampima damu na yeye, tezi yake nzima, haina kasoro. Kichwa kama cha babu yake, Mungu amsaidie.

Bi Dija akamwomba Maram naye atoe kisa chake, kiwafikie wenye mimba kabla ya Ramadhani ijayo. Nikasema huyu hatakubali. Unamjua, kovu lenyewe hata mimi hanionyeshi, na ile mimba ya kwanza hakuwahi kuitaja kwa kinywa chake. Akafikiri siku kadhaa. Jana Bi Dija na Ashatu walikuja, Maram akakaa kitandani, akashika simu, akasema yote: rovu, mimba iliyotoka, maziwa, na jina lake kamili. Ghaith alikuwa mlangoni, machozi yanamtoka.

Alipokuwa anamalizia, Shamsia akaamka akaangua kilio, kikaingia humo humo. Maram akaomba radhi, akataka arekodi tena. Bi Dija alikuwa tayari kukikata. Ashatu akakataa katakata. Akasema wanawake watasikiliza habari zote za vidonge, lakini wanachongoja kusikia ni hicho.

Sauti hiyo Maram atakutumia. Isikilize mpaka mwisho.

Nisalimie Shihab na watoto mmoja mmoja, na Bi Maryamu jirani yako. Humoud, Ghaith na Maram wanakusalimu sana. Mola akutunze ugenini, akupe afya na wanao, atukutanishe tukiwa na nguvu zetu.

Ni mimi dada yako akupendaye kwa dhati,

Mayasa