Jina Nililoliandika Chini ya Karatasi

Mpendwa ndugu yangu Bitegeko,

Salamu zangu zikufikie huko ng'ambo ya mto, wewe na wote walioketi nawe barua hii inaposomwa. Najua hutaisoma mwenyewe, maana hukukubali kamwe nikufundishe herufi zetu. Ulisema macho yako yamezoea kufuata nyayo za ng'ombe, si za mdudu aliyetumbukia kwenye wino. Atakusomea huyu mchuuzi wa chumvi niliyemkabidhi. Nimemwagiza asome kwa sauti mbele ya yeyote atakayekuwapo, kuanzia hapa mpaka wino wa mwisho. Wewe ndiwe uliyetaka karatasi zisomwe hivyo, nami sitaki tena kukuandikia kitu cha kufunikwa.

Huu ni mwaka wa tisa tangu uondoke. Duka langu liko palepale Bugene, na mlango wake bado unatazama njia uliyokuwa ukija nayo. Kila asubuhi natoa kigoda chako nje kabla sijatandaza vitambaa, na mteja akitaka kukikalia namwambia kina mguu mbovu. Hakina ubovu wowote. Nimekukumbuka sana, ndugu yangu, na umri wangu umefika mahali ambapo mtu haoni haya kulisema.

Unakumbuka siku uliyonipeleka barazani? Mimi, mtoto wa mfanyabiashara wa Pwani aliyekuja na misafara akazikwa huku, naingia kwa wazee wenu wa Kinyambo nimevaa kanzu na kushika kalamu ya tete. Walinitazama kana kwamba nimekuja kuwauzia shuka. Ukawaambia kwamba siku hizi karatasi zinatembea kuliko watu, na kwamba ni heri baraza liwe na mwandishi wake kuliko kuandikiwa na wengine. Mzee mmoja akauliza kama naweza kuandika bila kusema. Ukajibu kwamba huko dukani nasema sana, lakini nikishika kalamu nakuwa bubu. Nilikasirika siku hiyo. Leo nacheka peke yangu, na wanangu wananishangaa.

Ulikuwa mwaka wa sotoka, ule ugonjwa uliomaliza ng'ombe. Baraza zima lilikuwa likikaa uani, yeyote aje asikilize, na hiyo ilikuwa fahari yetu. Kisha yule bwana wa Kamuli akasimama akasema ng'ombe wake wawili wanatokwa na udenda na machozi. Alisema kwa nia njema, tupate kujihadhari. Kabla jua halijazama majirani zake walikuwa wamechoma uzio wake. Tangu siku hiyo kila aliyeulizwa alisema mifugo yake ni mizima, na kila asubuhi tai walikuwa wanazunguka juu ya boma jingine.

Siku mbili walibishana juu ya namna ya kukaa. Wengine walitaka mlango ufungwe kabisa. Wengine wakasema mlango ukifungwa watu watajua tunagawana nyama humo ndani. Wewe ulingoja mpaka wote wamechoka, ndipo ukasimama.

"Waitu, wazee wetu," uliwaambia, "mtu akijua maneno yake yatafika nyumbani kabla yake, atasema ya kumfurahisha mkewe. Lakini na mimi nikifungiwa nje nisijue hata mnazungumzia nini, nitalala na mkuki. Tuwape watu jambo, tuwape na uamuzi. Majina yabaki kwetu."

Wakacheka ile habari ya mkewe, na nafikiri ndiyo iliyowashinda. Kukapangwa hivi: asubuhi jambo litajwe uani kila mtu asikie. Kisha wazee waingie nyuma ya uzio wa matete, wakae juu ya nyasi mbichi, kila mtu aseme moyo wake. Kabla jua halijazama mmoja atoke atangaze uamuzi, bila kusema nani alitaka na nani alikataa. Nyasi zile zikusanywe zichomwe, iwe ishara kwamba maneno ya ndani yamekwisha. Ulipenda sana kuziwasha mwenyewe, na moshi wake ulikuliza machozi kila mara.

Kanuni ya karatasi nayo ilikuwa yako. Ulikuwa umesikia habari za mkuu mmoja aliyetia alama kwenye waraka asiojua unasema nini. Ukataka karatasi yoyote inayotoka au kuingia barazani isomwe mbele ya watu wote mpaka wino wa mwisho, msomaji asiruke hata nukta. Nikaapa kwa kitabu changu kwamba nitasoma hivyo.

Miezi ile ndiyo tuliyofanya udugu. Ulikuja na tunda la buni, ukalipasua, punje mbili zikalala kiganjani mwako. Ukaniambia desturi ya omukago: kila mmoja achanje kidogo kitovuni, punje ipakwe damu, wewe ule yenye damu yangu nami nile yenye yako. Nikakwambia dini yangu hairuhusu damu. Sikutegemea ungecheka vile. Ukasema basi tule bila damu, nami nitakuwa ndugu yako wa nusu mpaka nipate ujasiri. Ukatafuna yako, nami nikatia yangu kinywani.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika. Jambo la Kiruruma, kijiji cha mjomba wako, lilitajwa uani asubuhi: mifugo ya huko imeugua, tufanye nini. Mkaingia nyuma ya matete, nami nikaingia na kalamu. Aliyetoa neno la kuwazuia wasishuke kwenye maji ya wote, na wagonjwa wachinjwe na kufukiwa pamoja na ngozi zao, ulikuwa wewe. Mengine uliyoyasema mle, na namna ulivyoyasema, siyaandiki. Yaliungua pamoja na nyasi.

Mimi nimefundishwa kuandika na baba yangu, na baba yangu aliandika hati za biashara. Hati ya Pwani bila jina la mwenye neno na majina ya mashahidi ni karatasi ya kufungia bizari. Nikawaandikia uamuzi, nikawasomea, wakaridhika. Kisha mkono wangu, wenyewe tu, kwa mazoea ya miaka mingi, ukaongeza chini: neno hili limetolewa na Bitegeko, nami ni shahidi. Nikapuliza wino ukauke, nikaona nimefanya kazi safi.

Kesho yake nikasimama Kiruruma, watu wamejaa, mjomba wako amekaa mbele kwenye ngozi yake. Nikasoma uamuzi. Wanawake wakaanza kulia. Nikafika kwenye mstari ule, macho yakaona jina lako kabla ulimi haujalifikia, nikaanza kukunja karatasi. Mjomba wako hakujua herufi hata moja, lakini alikuwa anatazama.

"Bado kuna wino chini," alisema. "Soma."

Ningeweza kusema ni dua. Ningeweza kusema ni jina langu. Nimeapa, nikafikiri, na wewe ulikuwa umesimama pale pembeni na ukanitikisia kichwa nisome. Nikasoma.

Kila mtu aliona ulivyoanza kuchinja ng'ombe wako mwenyewe, yule mwekundu uliyemlisha chumvi kutoka dukani kwangu. Lakini mjomba wako alisema umeanza na wako ili upate kumaliza wake. Mtu aliyekulea tangu ukiwa wa kubebwa alifunga lango lake, na Kiruruma nzima ikakunyima moto na maji. Nilitaka kusimama uani niseme uliyoyasema ndani, maana ningeyasema hakuna mtu angekuchukia. Ulinishika mkono wa kanzu mpaka ukachanika.

"Nyamaza," uliniambia. "Ukifungua mdomo leo kwa ajili yangu, kesho atafungua mwingine kwa ajili ya shamba. Hakuna atakayesema kweli tena mle ndani."

Ukaondoka kupitia Kamuli na fimbo yako na mbuzi mmoja. Nilikusindikiza mpaka njia ilipoanza kuteremkia mtoni. Ule mchaniko sikuushona.

Nimepiga magoti barazani mara tatu tangu hapo, nikiomba kosa langu lirekebishwe. Mara ya kwanza walinifukuza. Mara ya pili wakakubali kwamba kila karatasi isomwe kwanza nyuma ya matete mpaka chini, ndipo itoke. Mwezi uliopita, mara ya tatu, walibishana kutwa nzima, nami nikaandika bila kuweka jina la mtu. Wameamua hivi: mtu ambaye jina lake limevuja bila ridhaa yake anaruhusiwa kusimama uani na kusema aliyoyasema ndani. Aseme yake tu, asiguse ya mwenzake, na hakuna mwingine anayeweza kumsemea. Mimi siwezi kukusemea, Bitegeko. Nimewaomba, wakakataa, nami naona wana haki.

Uamuzi ulipotangazwa mjomba wako alikuwapo. Macho yake yamefifia, anaongozwa kwa mkono. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Huyo mwenye maneno yuko wapi?" Akauliza tena, akielekeza uso upande wangu, kana kwamba amesikia harufu ya wino. Tangu siku hiyo anakuja kila baraza linapokaa, na anaondoka nyasi zikishachomwa.

Kwa hiyo njoo. Kivuko kiko wazi, maji yamepungua, na huyu mchuuzi atarudi kwa njia hiyohiyo baada ya siku nne. Njoo useme yako mzee angali anasikia.

Limebaki moja, na hili nalisema mbele ya wote wanaosikiliza hapo. Ile punje sikuila. Niliificha shavuni, na uliponipa kisogo nikaitemea kiganjani. Damu haikuwamo, dini yangu isingedhurika. Niliogopa tu kiapo. Niliogopa kufungwa na mtu kiasi kile. Miaka tisa imekaa ndani ya kifuko cha kalamu zangu, imekuwa ngumu kama kokoto, na kila nikichovya wino naisikia ikigonga. Nimejiuliza mara nyingi kama mkono wa mtu aliyeila ungeandika jina lako chini ya karatasi ile. Sijui. Ninachojua ni kwamba ulinibebea siri ya baraza zima mpaka ng'ambo ya mto, na mimi nilikuficha punje moja ya buni.

Jana niliitoa nikaitia mdomoni, kisha nikaitoa tena. Haifai kuliwa bila wewe kuona. Chini ya barua hii sitaandika shahidi yeyote, kwa kuwa wa jambo hili ni mmoja tu, naye bado hajafika.

Nakungoja mlangoni,

Ndugu yako, angali wa nusu.