Vioo Viwili vya Chumba cha Kemunto

Mama yangu,

Sasa hivi mjukuu wako amelamba dirisha. Amepanda kitanda, ameshika kioo kipya kwa mikono yote miwili, akatoa ulimi kama mbuzi aliyeona chumvi. Nimefuta mate, nimempa titi, na sasa amelala ndio nimepata nafasi ya kushika kalamu.

Hujambo mama, na magoti yako je? Joto la Voi bado linawachoma au mmepata wingu? Sisi hapa Kisii tuko wazima, ila mvua haituachi na baridi yake inaingia mpaka ndani ya sufuria. Nakuandikia kwa karatasi kwa maana wakwe zangu wamekuja hapa, na haya siwezi kuyasema kwa simu wao wakisikia.

Wanataka kunichukulia mtoto, mama. Hawajasema hivyo. Wanasema "apumzike kidogo kwetu Nyaramba." Unajua kifua cha Kemunto. Kimembana mara mbili msimu huu, na daktari akasema asipigwe na baridi na alale vizuri. Sasa atalala aje? Dirisha la chumba chake lilikuwa la chuma, kioo kimoja, puti ya kushikilia kioo imedondoka yote, na chini yake ni steji ya bodaboda. Injini, honi, wenye ndizi wakigombana na wapakiaji. Akifumba macho tu anaruka kama ameguswa na stima. Mama mkwe aliona hayo siku moja akasema, "Town si mahali pa kulea mtoto. Nipe huyu mpaka afike miaka mitatu." Mume wangu akanyamaza. Huko kunyamaza sikukupenda. Mwanamume akinyamaza mbele ya mamake, ujue wameshaongea kando.

Nikawaambia wote wawili, kabla mtoto aende, dirisha liende kwanza. Mwenye ploti tunayopanga hakukataa.

Sisi Voi dirisha ni la kuingiza upepo, kwa hivyo sikujua hata niulize nini. Fundi wa aluminiamu akaniambia nichague kati ya kioo kimoja kinene na vioo viwili vilivyofungwa na raba, hewa imebaki katikati. "Hiyo hewa ndio blanketi," akasema, "inazuia baridi na kelele." Nikachagua viwili. Kwa sampuli pale dukani nilimulika tochi ya simu nikaona mwanga unarudi mara mbili, umeachana, mmoja kwa kila kioo. Hiyo nikaiweka kichwani.

Siku ya kuweka alikuja na haraka isiyo ya kawaida. Nikatoa simu nikamulika. Mwanga mmoja.

"Fundi, hiki ni kimoja."

"Dada, hicho ni dabo."

"Dabo ya nani? Hesabu."

Akahesabu, akajikuna shingo, akasema dukani wamempakia kisicho chake. Labda. Mimi sikumwamini, nikabaki na ngazi yake mpaka alipoleta cha kweli siku ya tatu.

Basi kikawekwa, nikamulika, mianga miwili. Nikafunga. Mama, honi zilikuwa bado ziko ndani ya nyumba. Nikajua amenila pesa tena. Nikawasha mshumaa nikazunguka nao pembeni mwa fremu nitafute mahali upepo unapita, lakini moto ulisimama wima kama askari. Hata hivyo nilimpigia simu, na alipofika nikamwita mwizi pale kwa ngazi za ploti, majirani wakisikia.

Aliingia, akasimama chini ya dirisha, akainua macho. "Mama Kemunto, dirisha langu limenyamaza. Hebu funua pazia huko juu."

Nikafunua. Yalikuwa yale matundu ya hewa, mama, yale kila nyumba ya kupanga inajengewa juu ya dirisha ili ipumue. Matatu, yanatazama steji. Tumeweka vioo viwili halafu juu yake tumeacha mahali pa paka kupita. Hata yeye fundi hakuwa ameyakumbuka. Nilimwomba msamaha kwa sauti ile ile niliyomtukania, akakubali chai. Akaziba hayo ya mbele, akaacha ya juu ya mlango, mtoto asikose hewa.

Lakini wakwe hawaamini. Baba mkwe akasema atakuja kusikia mwenyewe, na leo wamefika. Sasa huku kuna heshima wanaiita ensoni. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, hata mvua ikinyesha. Kwa hivyo mzee ameamua atasimama kwa veranda ya hapa ghorofani, nje ya hili dirisha, aite kwa nguvu zake zote. Na ni mtu anayeita wachuma chai ng'ambo ya mto wakageuka. Kemunto akiamka, jioni wanaondoka naye. Mama mkwe amekuja na shuka ya kumbebea, nimeiona kwa kikapu, chini ya chinsaga. Ananiletea mboga huku anachukua mtoto.

Nimefunga pazia, nimekaa kwa kitanda, mgongo kwa mlango. Wamempa mume wangu kazi ya kwenda kununua maziwa, sijui kwa nini iwe sasa. Mtu akitaka kumfinya mtoto aamke, atanipita mimi kwanza.

Nisalimie baba, na shangazi wa kibanda cha mkaa, na dada yangu mdogo umwambie namngoja afunge shule aje anitembelee. Mwambie hapa alete sweta.

Mzee bado hajaanza. Nafikiri anamaliza chai kwa jirani. Hii kungoja ndiyo inaniua, na labda ndiyo sababu anakawia, ananingoja nisinzie. Moyo wangu unapiga kuliko honi, na

Ngoja mama, mama mkwe amechungulia mlangoni. Ananong'ona, "Wewe, mbona humwitikii mzee? Ameita jina lako na la mtoto mpaka jirani ametoka nje." Mimi sijasikia kitu, mama, na Kemunto amelala mdomo wazi, hata hajajigeuza, acha nitoke nimwambie baba mkwe ya kwamba