Mshale Jikoni kwa Mama

Segese, Jumanne, Agosti 1997

Wiki nzima nimekilaani kile kipimo changu cha sumu ya zebaki: utando wake mwembamba, unaotakiwa kuhisi zebaki ukipigwa jua, ulikaa kimya kama jiwe, mshale hautikisiki. Leo nikaupaka chembechembe za dhahabu, laini kuliko vumbi, maana dhahabu hunasa zebaki, nikakiweka dirishani jikoni kwa mama, kwenye hewa safi, nikijaribu kabla ya kukipeleka machimboni.

Mshale ukaruka mpaka mwisho.

Nikasonya. Nimeharibu tena!

"Mayu," nikamwita mama, "kuna mtu kaleta zebaki humu?"

"Kaka yako. Huchomea dhahabu yake kwenye kikaango hiki, zebaki inaondoka na moshi. Nakiosha vizuri, mwanangu."

Alikuwa amekishika kikaango hicho. Mayai yangu yalikuwa ndani.