Ukwaju kwenye taa za Kifaransa

Alkhamisi usiku, Mabela

Na mimi nikamwambia ahsante! Ningesema nini? Nimerudi kutoka kazini nikamkuta mama mkwe wangu ukumbini, anaisugua moja ya zile taa mbili za ukutani za Kifaransa kwa ukwaju na jivu, kama anavyosugua masinia yake ya shaba tangu Unguja.

"Njoo utazame, mwanangu. Kutu yote imetoka!"

Si kutu. Ni maji ya dhahabu yaliyopakwa juu ya shaba, ya zamani kuliko yeye. Mume wangu amezitafuta taa zile miaka, na kesho anarudi safari. Nna khofu. Nikimwambia kweli, mamake ataaibika...

Taa ya pili nimeificha kabatini, chini ya mashuka. Sasa hivi nimepita jikoni. Ukwaju mwengine umesharowekwa, na jivu liko pembeni.