Kwa Mama Povu, Aliyeiogopa Mikono Yake Mwenyewe

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipojilaza baada ya chakula cha mchana na usiamke tena. Baba bado anafunga mlango wa jikoni kwa ufunguo. Hatujui anamfungia nani, na hakuna anayethubutu kumwuliza.

Mtaani walikuita Mama Povu. Jina hilo ulilipata baada ya kuacha kazi ya usafi kwenye lile jengo la ofisi, ambako dawa za vyooni zilikubana kifua mpaka ukawa huwezi kupanda ngazi bila kupumzika. Ulirudi nyumbani ukasema, "Basi. Kitu nisichojua kimetengenezwa na nini hakiingii tena humu ndani." Na kweli hakikuingia. Maganda ya mananasi uliyachachusha yakawa siki ya kusafishia vioo. Limau na chumvi vikang'arisha masufuria. Dodoki ulilipanda mwenyewe ukutani. Likikauka, ndilo la kuogea, ndilo la kuoshea vyombo. Shuka zilizochakaa zikawa vitambaa vya kufutia, na vipande vilivyobaki kwenye cherehani ya Baba ukavishona mifuko ya sokoni.

Lakini sabuni ndiyo iliyokuwa fahari yako. Ulikusanya mafuta yaliyokwisha kukaangiwa kwa wenye mikahawa, ukayachuja, ukayachanganya na maji ya kostiki, zile chembe nyeupe zinazogeuza mafuta kuwa sabuni na zinazokula ngozi ya mtu. Baba alikuwa akisema, "Huyu mwanamke iko siku atanipika sabuni na mimi." Nawe ukimjibu bila hata kugeuka, "Mafuta yenyewe unayo? Mifupa mitupu."

Kostiki uliiogopa kama mtu anavyomwogopa mbwa mkali aliyemfuga mwenyewe. Glavu, ndoo nyekundu yenye kifuniko, rafu ya juu kabisa, na watoto wote nje. "Hii haikai kwenye chombo cha kunywia hata kwa bahati mbaya," ulitwambia tangu tukiwa wadogo, mpaka tukawa tunakuigiza kwa vicheko.

Kisha ukaanza kusahau. Tulicheka hapo pia, Mama. Ulitia chumvi kwenye chai. Ukamwita Kaka kwa jina la mjomba aliyekwisha kufa. Tukasema ni uchovu, ni umri, utapumzika utapona. Kumbe ugonjwa ulikuwa umeshaingia na kukaa kitako.

Alasiri ile Baba alirudi kutoka kibandani kwake cha ushonaji, koo limemkauka. Ulikuwa umeshaandaa meza: sahani, jagi la maji, na kikombe chake cha alumini. Akajimiminia. Maji yakaanza kutokota ndani ya kikombe, mapovu madogo yakipanda na kulia *shhh*. Baba akacheka.

"Leo umenipa soda, mama watoto?"

Akakiinua.

Sisi tulikuwa pale pale mezani na hatukuelewa kitu. Wewe ndiye uliyeelewa. Ulisikia ule mlio, ukageuka, na uso wako ukawa wa mtu aliyeamshwa ghafla. Ukakipiga kile kikombe kwa mkono mtupu, kikaruka, maji yakakumwagikia wewe.

"Usinywe! Usinywe, ni kostiki!"

Jagi ulikuwa umelijaza maji ya kostiki bila kujua, nayo yakawa yanakula alumini ya kikombe. Dada Mkubwa, kwa bahati njema muuguzi, alikukokota hadi bombani akaushikilia mkono wako chini ya maji, muda mrefu mno. Ngozi ilikuwa imeshaanza kuvimba. Hukulia maumivu. Macho yako yalikuwa kwenye midomo ya Baba tu.

"Amekunywa? Niambieni kweli. Amekunywa?"

"Sijanywa, mke wangu. Hata tone."

Ukauliza tena. Na tena, mpaka Baba akaja kukukumbatia hapo hapo kwenye maji, wote wawili mmelowa.

Mkono ulipofungwa bendeji ulitwita sote. "Wanangu, naiogopa mikono yangu," ulisema. "Chukueni kostiki yote, na msinambie mmeipeleka wapi. Nikija kuwaomba, hata kwa machozi, msinipe."

Ukaja kuomba. Kwa machozi. Hukukumbuka tena kwa nini tunakunyima. Ulituita wezi, ukasema tumekuibia kazi yako. Dada Mkubwa alikuwa akikimbilia bafuni kulia, kisha anarudi na uso mkavu: "Kesho, Mama." Tukawa hatunywi ila maji tuliyoyachota wenyewe. Mjukuu wako akienda chooni tunamfuata, asije akagusa kitu ulichokisahau huko. Wewe ukishona mifuko yako kimya, tunaogopa kimya hicho. Ukitembeatembea, tunaogopa nyayo.

Iko siku ulimtazama Baba ukapiga ukelele, "Huyu mwanamume amefuata nini chumbani kwangu?" Baba akatoka, akakaa kizingitini, akaanza kukusimulia kupitia mlangoni habari za gauni analoshona. Baadaye sana ukamjibu, "Fundi, pindo hilo lipunguze." Alitusimulia maneno hayo akitabasamu.

Tulidhani hofu tutaizika pamoja nawe. Imebaki, Mama. Dada Mkubwa akitafuta neno dogo tu, "ile... ile ya kuchujia," sote tunatazamana. Majuzi alisahau alikoweka funguo, akakaa ngazini akalia kama mtoto.

Wiki iliyopita alinunua kostiki, akavaa glavu, akaenda uani. Baba akamfuata.

"Baba, kaa ndani."

"Sikai."

Akavuta kigoda, akakaa kando. Dada akawa anataja kila hatua kwa sauti, ili asikike. "Namimina kostiki kwenye maji. Si maji kwenye kostiki." Kisha akamgeukia.

"Baba, siku nikikosea utanambia?"

"Nitakwambia."

"Hata nikikutukana?"

"Nitakwambia hivyo hivyo."

Akatia mafuta, akaendelea kukoroga. Sisi tulikuwa dirishani tumeshikana mikono, mpaka ule uji wa sabuni ulipoanza kuwa mzito na Baba akasema polepole, "Hapo ni sawa. Hujakosea."

Unakumbukwa na mumeo, fundi cherehani; na Dada Mkubwa; na Kaka, dereva wa lori, na mkewe; na sisi mapacha, vitindamimba wako; na mjukuu wako, anayeuliza kila akinawa kama povu hili ni lako.

Tutakukumbuka, Mama, kwa kadiri tutakavyojaliwa kukumbuka.